.308 au 6.5 Creedmoor, za dukani au za kujaza mwenyewe: ulinganisho kwa anayeanza kulenga shabaha ya mbali

Anayetaka kuanza kulenga shabaha ya yadi 1000, yaani mita 914, hukutana na maswali mawili kabla hata hajalala kifudifudi uwanjani. Anunue bunduki ya risasi aina ya .308 Winchester au ya 6.5 Creedmoor? Na risasi, anunue zilizo tayari au ajaze mwenyewe nyumbani? Wengi hujibu kila swali peke yake, na pesa nyingi hupotelea hapo. Majibu yote mawili yanategemea jambo ambalo muuzaji dukani kwa kawaida hakuulizi: utashindana katika kundi gani, na kwa umbali upi.

Ninawaandikia zaidi wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani na Uingereza, kwa kuwa huko mchezo huu una viwanja, vilabu na maduka yake. Aliyeko Kenya au Tanzania naye ana la kuchukua humu, lakini kwake sheria inatangulia bunduki, na nitaifikia.

Anza na kundi, bunduki itafuata

Mtindo ambao mtu mzima mwenye kazi na familia anaweza kuuingia bila kusumbuka ni F-Class. Jina hilo limetokana na George Farquharson wa Kanada, aliyetafuta njia ya kuwafanya wapiga shabaha waliozeeka, ambao macho na viungo vyao vimechoka, waendelee kushindana. Aliwaruhusu watumie darubini na kuegemeza bunduki badala ya kuishikilia kwa mkanda. Leo vijana wamejaa humo.

F-Class ina makundi mawili. La kwanza, F-TR, linakubali .308 Winchester na .223 Remington peke yake. Bunduki hukaa juu ya miguu miwili iliyofungwa mbele yake, na uzito wote, pamoja na miguu na darubini, hauzidi kilo 8.25. La pili, F-Open, linakubali risasi yoyote isiyozidi kipenyo cha milimita 8, bunduki ya hadi kilo 10, na kiegemeo kizito cha mbele kinachokaa chini kama meza ndogo.

Mtu akisifiwa 6.5 Creedmoor, akanunua, kisha akaenda kwenye mashindano ya F-Class, atapangwa F-Open. Humo atakutana na .284 Winchester na risasi nyingine za milimita 7 zenye vichwa (ile sehemu inayoruka hadi shabahani) vizito vinavyopasua upepo kuliko chake. Amenunua risasi nzuri sana, ila kundi lake lina nzuri zaidi. Mwenzake mwenye .308 yuko F-TR, ambako kila mtu amefungwa na kanuni ileile, na anayeshinda ni yule aliyeusoma upepo vizuri.

Makao ya kweli ya 6.5 Creedmoor ni mashindano ya vituo, kama yale ya Precision Rifle Series yaliyoanza Marekani mwaka 2012. Huko mpigaji hupewa muda mfupi, hupiga shabaha za chuma za umbali tofauti, mara kalala, mara kaegemea ukuta au pipa. Teke dogo la bunduki ni faida kubwa hapo, kwa kuwa unahitaji kuona kwa darubini risasi yako imeangukia wapi. Hata hivyo washindani wengi wa juu wa mtindo huo wamehamia kwenye risasi za milimita 6. Kwa anayeanza, Creedmoor inatosha, na risasi zake zilizo tayari ni rahisi kupatikana.

Mtindo wa tatu ni ule wa Bisley, Uingereza, ambako chama cha National Rifle Association cha huko kilihamia mwaka 1890 kutoka Wimbledon. Hapo hakuna darubini juu ya bunduki. Mtu hulenga kwa tundu dogo, ameishika bunduki kwa mkanda uliokazwa mkononi, na risasi ni 7.62 ya NATO, ndugu wa .308. Shindano lake kuu, King's Prize, huanzia yadi 300 na kumalizikia yadi 900 na 1000. Kenya imewahi kupeleka timu Bisley. Mashindano mengi ya mtindo huu huwagawia washindani wote risasi za aina moja, kwa hiyo swali la kujaza au kununua linapungua uzito. Anayependa ufundi wa mwili, pumzi na jicho kuliko ufundi wa mezani, huu ndio mchezo wake, na 6.5 haina nafasi humo.

Risasi mbili angani

Nimechukua kwa kila moja kichwa cha kulengea shabaha kinachouzwa sana madukani. Mchepuko, yaani kadiri upepo unavyokisukuma kichwa kando, ni wa usawa wa bahari, na tarakimu zake ni za kukadiria, kwa kuwa kila mtutu una tabia yake.

| | .308 Winchester | 6.5 Creedmoor |
|---|---|---|
| Ilitoka mwaka | 1952 | 2007 |
| Uzito wa kichwa | greni 175 (gramu 11.3) | greni 140 (gramu 9.1) |
| Mwendo mdomoni mwa mtutu | karibu mita 790 kwa sekunde | karibu mita 825 kwa sekunde |
| Mchepuko yadi 1000, upepo wa ubavuni wa km 16 kwa saa | karibu mita 2.5 | karibu mita 1.7 |
| Umri wa mtutu wa mashindano | risasi 4000 hadi 5000 | risasi 2000 hadi 3000 |

Kichwa cha 6.5 ni chembamba na kirefu, hewa inakikwamisha kidogo. Kinafika yadi 1000 kikiwa bado kinakwenda kasi kuliko sauti kwa nafasi ya kutosha. Kile cha .308 cha greni 175 kinafika kimechoka, kinakaribia mwendo wa sauti, na hapo ndipo vichwa vingine huanza kuyumba. Wanaoshindana F-TR hukwepa hilo kwa mitutu mirefu na vichwa vya umbo la kisasa, ama vyepesi vya greni 155 vinavyorushwa kwa kasi, ama vizito vya greni 185 hadi 200.

Tazama sasa maana ya mchepuko huo kwenye karatasi. Katika shabaha ya Marekani ya F-Class ya yadi 1000, duara la 10, lenye alama za juu, lina upana wa inchi 10, yaani sentimita 25, nusu ya lile la wapigaji wa mkanda, ambalo ni inchi 20. Kutoka katikati hadi ukingoni ni sentimita 12.7 tu. Ukikosea kuusoma upepo kwa kilomita 1.6 kwa saa, upepo ambao ngozi ya uso haiuhisi, .308 inakwenda kando sentimita 25 na 6.5 sentimita 17. Zote mbili zimetoka kwenye 10. Ukikosea kwa nusu ya hapo, .308 inagusa ukingo wa duara na 6.5 imebaki ndani.

Kwa hiyo 6.5 inasamehe zaidi, hilo halina ubishi. Ila haimwondolei mtu kazi ya kusoma bendera na mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayoonekana kwenye darubini yakitiririka kulia au kushoto kufuata upepo. Na kwa maoni yangu, bunduki inayokuonyesha kosa lako waziwazi ni mwalimu bora katika miaka miwili ya kwanza. Anayejifunza upepo kwa .308 halafu akahamia 6.5 huona kama amefunguliwa mlango. Anayekwenda kinyume chake hupata taabu.

Jina la Creedmoor lenyewe limetoka kwenye uwanja wa kale wa Long Island, New York, ambako mwaka 1874 Wamarekani walishindana na Waayalandi kwa yadi 800, 900 na 1000, wakashinda 934 kwa 931. Mwayalandi mmoja, Milner, alipiga barabara, lakini kwenye shabaha isiyo yake, akaandikiwa sifuri. Pigo la katikati lilikuwa na alama 4, na wao walishindwa kwa 3. Mpaka leo, kabla ya kugusa kifyatulio, namba ya shabaha husomwa upya, uwe na risasi ya aina gani.

Mtutu una mwisho

Jambo hili huwashtua wageni. Mtutu wa mashindano huliwa na moto wa baruti pale mbele ya chumba cha risasi, na siku moja matundu kwenye shabaha yanaanza kutawanyika bila sababu nyingine. Mtu anayepiga risasi 1500 kwa mwaka, mazoezi na mashindano pamoja, ataumaliza mtutu wa 6.5 Creedmoor kabla au karibu na mwisho wa mwaka wa pili. Wa .308 utamfikisha mwaka wa tatu. Kubadilisha mtutu si kununua tu chuma, kuna na fundi wa kuuchonga chumba na kuufunga, ambaye mara nyingi ana foleni ndefu. Ukipanga bajeti, weka mtutu kwenye hesabu kama unavyoweka matairi ya gari.

Usisahau .223. F-TR inaikubali, vifaa vyake ni vya bei nafuu, mtutu unadumu, na teke halipo. Kwa yadi 1000 inaonewa na upepo, lakini kwa yadi 300 hadi 600 ni bunduki ya mazoezi isiyo na mpinzani.

Za dukani au za kujaza mwenyewe

Risasi moja ina vitu vinne: ganda la shaba, fataki iliyo kwenye kitako cha ganda, baruti ndani, na kichwa mdomoni. Anayejaza mwenyewe hulichukua ganda lililokwisha kupigwa, akalirudisha umbo kwa kalibu ndani ya mashine ya mkono, akaweka fataki mpya, akapima baruti kwenye mizani na kusukuma kichwa hadi kina anachokitaka. Ganda zuri hutumika tena mara nyingi, na ndilo lililo ghali kuliko vyote vinne, kwa hiyo akiba inatoka hapo.

Ila wanaojaza kwa ajili ya akiba peke yake huwa wanajidanganya. Risasi za dukani za kiwango cha mashindano Marekani huuzwa zaidi ya dola moja kila moja, mara nyingi karibu na mbili. Za kujaza zinapungua bei hiyo, lakini mashine, kalibu, mizani, kalipa na kifaa cha kukatia urefu wa ganda vinameza akiba ya mwaka mzima au zaidi. Tangu mwaka 2020 kumekuwa na vipindi ambapo fataki zilikuwa adimu na bei yake ikapanda sana. Na ukweli ni kwamba anayejaza hupiga zaidi, pesa haibaki mfukoni.

Sababu ya kweli ya kujaza ni kulinganisha mwendo wa kila risasi, na sababu hiyo ina umbali wake. Tuseme risasi za boksi moja zinatofautiana mwendo, ya haraka kabisa na ya polepole kabisa, kwa mita 12 kwa sekunde, jambo la kawaida kwa za dukani. Kwa .308, katika yadi 300 tofauti hiyo huleta sentimita 2 tu za juu na chini. Katika yadi 600 ni karibu sentimita 10, na duara la 10 la F-Class huko lina upana wa sentimita 15. Katika yadi 1000 inapita sentimita 30, ilhali duara lina 25. Maana yake ni kwamba hata ungefunga bunduki kwenye jiwe na upepo ukalala, bado baadhi ya risasi zingetoka nje juu au chini. Kwa 6.5 hali ni nafuu kidogo, karibu sentimita 25, lakini na hizo zinakula duara lote.

Anayejaza kwa uangalifu, akapima baruti hadi sehemu ya kumi ya greni, akatumia maganda ya kundi moja yaliyolainishwa shingo kwa moto, anaweza kuibana tofauti hiyo hadi mita 6 hadi 8 kwa sekunde. Hapo kazi yake inabaki upepo. Faida ya pili ni kwamba anaweza kuchagua kichwa na kina cha kukisukuma kinachoupendeza mtutu wake, jambo ambalo kiwanda hakiwezi kumfanyia kwa kuwa kinatengeneza risasi ya kuingia katika bunduki zote.

Ndiyo maana nasema hivi bila kusita: mpaka yadi 600, nunua. Mgeni anayekaa mezani usiku kucha akipima baruti kwa ajili ya yadi 300 anaiba saa ambazo angelala uwanjani akijifunza pumzi, kifyatulio na bendera. Tena maganda ya hizo risasi za dukani yahifadhi, yasafishe, yapange kwa boksi. Siku ukianza kujaza, mtaji wa kwanza unao tayari, na umekwisha kuyatumia kwenye mtutu wako mwenyewe.

Hapa ndipo bunduki na risasi zinapokutana. Anayejua kwamba hatajaza kamwe, kwa kukosa nafasi au kwa kuishi nyumba ya kupanga, na bado anataka kufika yadi 1000, huyo 6.5 Creedmoor inamfaa kuliko .308, kwa kuwa risasi zake za dukani zilibuniwa tangu mwanzo kwa umbali huo. Za .308 za dukani zinafika, lakini zinafika zikiwa zimechoka. Anayejua atajaza, .308 ndani ya F-TR itamlipa: aina za vichwa na maganda ni nyingi, mtutu unadumu, na kila dakika aliyotumia mezani inaonekana kwenye alama. Anayetaka mashindano ya vituo achukue 6.5, aanze na za dukani, aone kwanza kama mtindo wenyewe unampendeza. Na anayetaka Bisley kwa mkanda anunue bunduki kuukuu ya klabu yenye mtutu mzima. Huko bunduki hupokezanwa kizazi kwa kizazi na bei zake ni za kiungwana.

Hatari ya mezani

Kujaza risasi ni kazi salama kwa mtu mtulivu na ya hatari kwa mtu wa haraka. Vipimo vya baruti vinachukuliwa kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, na kulinganishwa na kitabu cha pili. Havichukuliwi mtandaoni wala kwa rafiki, hata kama bunduki yake ni pacha wa yako. Unaanzia kipimo cha chini cha kitabu na kupanda polepole, ukiangalia dalili za shinikizo kubwa: fataki iliyobapa, komeo gumu kufunguka, alama ya kung'aa kwenye kitako cha ganda. Ukiziona, unashuka, na kipimo hicho hukirudii.

Mezani kuwe na kopo moja tu la baruti kwa wakati mmoja. Baruti mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na kasi za kuungua zilizo mbali sana, na kuzichanganya kunapasua bunduki mbele ya uso wako. Hakuna sigara, hakuna simu, hakuna mtoto chumbani. Mikono inaoshwa kabla ya kula, kwa sababu mabaki ya fataki yana risasi ile ya sumu, madini yenyewe. Huyu ndiye mtu ninayemhofia zaidi katika mchezo huu: mwenye akili, mwenye haraka, anayefikiri kipimo cha juu ndicho kipimo bora. Vikundi vizuri vya matundu kwenye karatasi mara nyingi hupatikana chini ya kipimo cha juu.

Sheria kabla ya pesa

Marekani, sheria ya shirikisho haidai leseni kwa anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe. Anayetengeneza za kuuza anaihitaji. Majimbo yana sheria zake juu ya hiyo. Lakini kuna kifungu kinachowagusa wengi wetu moja kwa moja: mtu aliyeingia kwa viza ya muda, mwanafunzi akiwemo, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki wala kushika bunduki au risasi, isipokuwa awe ndani ya misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye makazi ya kudumu yuko katika hali nyingine. Kosa hapa linaweza kukugharimu ukaazi wako, kwa hiyo muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaalikwa uwanjani na wenzako wa chuo.

Uingereza unahitaji cheti cha silaha kutoka polisi, na cheti hicho kinataja hata idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo. Njia ya kawaida ni kujiunga na klabu iliyoidhinishwa na Home Office, wizara ya mambo ya ndani, na kupita kipindi cha majaribio kisichopungua miezi mitatu. Kipindi hicho ni zawadi: unatumia bunduki za klabu, unalala karibu na watu wa F-TR na wa mkanda, na unajua unachokipenda kabla hujatoa senti.

Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na bodi ya kutoa leseni. Tanzania ina sheria yake ya udhibiti wa silaha na risasi ya mwaka 2015. Katika nchi zote mbili usianze kujaza risasi nyumbani kwa kuwa umeona wenzako wa ng'ambo wanafanya. Omba kwanza jibu la maandishi kutoka kwa mamlaka ya leseni. Kwa anayelenga shabaha kihalali upande wa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1700, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Mombasa, na mchepuko wa upepo unapungua kwa kadiri hiyo au zaidi kidogo. Huko .308 inapumua vizuri zaidi, na pengo lake na 6.5 linakuwa dogo kuliko jedwali langu linavyoonyesha.

Na anayefikiria kumletea ndugu yake fataki au baruti kutoka ng'ambo: havipandi ndege ya abiria, si kwenye mkoba wala kwenye sanduku.